Mahali Pangu Pembeni ya Zainab

Jumatatu, 6 Oktoba

Zamu imeisha saa tisa. Mgongo unauma upande uleule. Nimepika wali na nimezidisha tena. Mkono wangu bado unapima mchele wa watu wawili na mgeni, na tangu nihamie hapa Euless, Texas, mgeni hajawahi kubisha hodi. Kesho nitakula kiporo. Keshokutwa pia.

Wenye jengo wamebandika barua mlangoni. Mkataba wa pango unakwisha mwisho wa Novemba, nichague kuendelea au kuondoka. Nimeiweka juu ya friji, chini ya chupa ya asali.

Rukia amepiga simu kutoka Minnesota. Ndiye mwanangu wa pekee, na kichwa chake kigumu kama cha marehemu mama yake. Wamekipaka rangi chumba cha chini, kiwe changu. Wamepaka kabla ya kuniuliza. Akasema, "Baba, huko Texas unaishi na nani?" Nikamwambia Texas imejaa watu. Hakucheka.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemgusia Mwangi habari ya kuhama. Mwangi ni Mkenya, anakaa DeSoto, mkewe nesi. Tunapakua mizigo pamoja kwenye ghala lililo nyuma ya uwanja wa ndege, na ndiye mtu pekee ninayezungumza naye Kiswahili kwa wiki nzima. Amenicheka.

"Mzee Salim, usijaribu. Huko uta-freeze kama kuku ya supermarket. Hapa hakuna snow, hakuna state tax, job ziko. Unataka nini ingine?"

 Swali lake nimelifikiria njiani, kwenye foleni.

Kweli, Texas ina mazuri yake. Ukiacha kazi hii unapata nyingine kabla hujapumzika. Jimbo halikati kodi kwenye mshahara. Nyama ya halali ipo, bamia zipo, unga wa muhogo upo kwenye duka la Wanaijeria. Januari unaweza kukaa nje na fulana. Watu wanakusalimu, hilo sitawanyima, wanakusalimu hata kama hawakujui, halafu wanaingia gereji na mlango unashuka.

Mabaya nayo. Julai. Usukani unaunguza mikono. Mvua ya mawe ililibonda gari langu likawa kama sufuria ya jeshini. Bila gari wewe si mtu. Majuzi nilitembea kwa miguu kwenda dukani, gari likasimama, mama wa Kizungu akaniuliza kama nimeharibikiwa. Nikamwambia natembea tu. Akanionea huruma zaidi.

Na ile baridi iliyokata umeme miaka ile, tukiwa bado Houston. Mimi na mke wangu Zainab tulilala na makoti na viatu. Sijui niiweke kwenye mabaya au mazuri. Tulicheka sana usiku ule.

Ijumaa, 10 Oktoba

Msikitini. Nimepeana mikono na watu wengi. Baada ya sala kila mmoja gari lake. Nilisimama kidogo pale viatuni nikijifanya natafuta kiatu, labda mtu atanisemesha. Hakuna. Nimerudi nyumbani, kiporo kimeisha, nimekula mkate.

Jumapili, 12 Oktoba

Sababu yenyewe sijaiandika. Naizunguka tu na habari za joto na kodi.

Zainab amelala Houston, kwenye makaburi ya Waislamu nje ya mji. Alipokuwa hospitali alinishika mkono akasema, "Nizike palepale ulipo. Usinifanye mzigo wa ndege." Ndugu zake Tanga walitaka arudishwe. Kaka yake mpaka leo hajibu salamu zangu. Nilishikilia neno la Zainab, tukamzika kesho yake kama inavyopasa, talakini akasomewa pale kaburini na mtu tusiyemjua.

Siku ile nilisimama upande wake wa kulia, palikuwa na nafasi. Nikamwambia mwangalizi wa makaburi: hapa ni pangu mimi. Akatikisa kichwa, akasema okay. Tukaagana. Kwetu imetosha. Makaburi ya kwetu Pangani kila mtu anajua fulani atalala wapi, hakuna anayeweka saini.

Nilimwambia Zainab pia, baada ya watu kuondoka. Kwamba nitakuja hapa pembeni. Houston ilinishinda baada ya hapo, nyumba ilikuwa na vyombo vyake kila kona, ndipo nikaja huku kufuata kazi. Lakini Houston ni mwendo wa asubuhi moja tu kwa gari. Minnesota ni nchi nyingine. Nikifia kule nitazikwa kule, kwenye barafu, na yeye atabaki peke yake na nafasi tupu ubavuni.

Hiyo ndiyo hesabu yangu ya Texas. Mengine yote ni maneno.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimemwambia Rukia siendi. Nimemwambia na sababu. 

Akasema, "Mara ya mwisho kwenda kwa mama ni lini?"

Kabla ya Ramadhani. Nilikwenda Februari, na sasa mwaka unakaribia kuisha. Zamu zilibadilika, mgongo, kisha kiyoyozi cha gari kikafa na kiangazi chote sikuthubutu. Ni sababu za kweli na bado zinanitia aibu. Rukia akasema kwa hiyo nabaki Texas kwa ajili ya kaburi nisilolizuru. Nikamkaripia. Nyuma nilimsikia mjukuu wangu Amina akiuliza, "Is Babu coming?" Rukia akakata simu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimeumwa. Homa imenilaza siku mbili. Nilishindwa kwenda hata kuchota maji jikoni, nikanywa ya bombani bafuni kwa kiganja. Ndege zinapita juu ya paa moja baada ya nyingine, zimejaa watu.

Mwangi ndiye aliyepiga. Siyo kunijulia hali, alitaka kujua kama tunaweza kubadilishana zamu. Aliposikia sauti yangu akaja jioni baada ya kazi, njia yote ile kutoka DeSoto, na uji kwenye chupa ya chai. Mkewe ndiye aliyeupika. Nilipofungua mlango nilikuwa nimevaa shuka. Hakusema utani hata mmoja.

Nimeogopa. Naandika hivyohivyo. Niliogopa kufa na watu wagundue kwa sababu ya harufu.

Rukia hajapiga tangu siku ile. Sijamwambia.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepona. Nimeamua kwenda Houston Jumamosi. Nitalisafisha kaburi, nitasoma Yasini, nitapaangalia mahali pangu, halafu nitatia saini mkataba wa Euless na mjadala uishe. Nimemwambia Mwangi. Akaniazima gari lake, lina kiyoyozi. Anafurahi nabaki. Amesema Krismasi niende kwao nikale mbuzi, yeye mwenyewe atanitafutia wa halali.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika garini, kituo cha mafuta, katikati ya Houston na nyumbani. Mchana. Siwezi kuendesha nikiwa hivi.

Nilifika asubuhi. Nilipita kwanza mbele ya kaburi bila kulitambua. Nilikuwa natafuta kaburi lenye nafasi upande wa kulia. Halipo. Pembeni ya Zainab pamelala mtu.

Kibao kidogo, jina la mwanamume, mwaka huu. Udongo bado haujakaa sawa. Nikasimama nimebeba ndoo na brashi. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikaenda kwa mwangalizi. Ni kijana mwingine, mpole, akafungua kompyuta. Hakuna jina langu. Aliyenitikisia kichwa alikwisha kuacha kazi. Kijana akasema wanazika kwa mstari, anayefika ndiye anayefuata, ila kama mtu amelipia mahali na kuandikishwa. Akaniuliza kama nina karatasi. Sina. Nina neno langu tu.

Nikarudi kaburini. Nilitaka kumwambia Zainab, sikujua nianzie wapi.

Nikamkuta mama mmoja, buibui na raba nyeupe, amechutama kwenye kaburi la yule mwanamume anaokota majani. Akayaokota ya kwake, kisha akaja kwa Zainab akaokota na hayo. Nikatoa salamu. Akageuka, akanijibu kwa Kiswahili cha Mombasa.

"Huyu ni wako?"

"Mke wangu."

"Alhamdulillahi. Nami nikidhani huyu jirani hana watu. Nisamehe, kaka. Nikija kumzuru mume wangu humtolea na yeye salamu. Kila Ijumaa. Tangu nitoke eda. Jana kazi ilinizuia."

Anaitwa Bi Mariamu. Analea wazee hapo Houston. Mumewe alikufa ghafla baada ya Idi, alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Hawakuwa wamejiandaa na chochote. Watu wa msikitini waliwafanyia kila kitu, na mahali palipofuata palikuwa hapa.

Alikuwa ananitazama usoni. Nadhani aliona kitu. Akaniuliza, "Na wewe ushajiwekea mahali?"

Ningeweza kumwambia. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikatazama zile raba zake, zina udongo wa pale.

Nikasema, "Bado."

"Usijali. Texas kubwa hii, mahali hapakosi."

Tukasoma Yasini pamoja, yeye kwa mumewe na mimi kwa Zainab, kisha tukawaombea wote wawili. Alipotaka kumtaja Zainab kwenye dua akasita. Jina alilijua, amelisoma kwenye kibao. Akauliza mama yake aliitwa nani, maana kwenye dua marehemu hutajwa kwa mama.

Nikakwama. Sijalitamka jina lile tangu siku ya talakini. Mwanamkuu. Zainab binti Mwanamkuu. Nililia pale mbele ya mwanamke nisiyemjua, na ndoo yangu mkononi.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda popote. Barua iko mezani, sijaitia saini.

Nilitarajia kuamka na hasira na nimeitafuta siioni. Yule bwana hakuninyang'anya kitu. Alikufa, wakamlaza palipokuwa wazi. Nami ningekuwa nimekufa ningelazwa popote palipokuwa wazi.

Mwaka mzima nilikuwa namwazia Zainab kama mtu aliyeachwa kituoni. Kumbe anasalimiwa kila Ijumaa. Majani yanaokotwa. Ana jirani kulia na jirani kushoto. Mimi ndiye sina hata mmoja, niliyekaa hapa nikidai namlinda asiwe mpweke.

Na nimeyakumbuka maneno yake vizuri. Alisema nimzike nilipo. Hakunitaka nibaki alipo. Hilo nililiongeza mimi.

Jumanne, 11 Novemba

Nimempigia Rukia. Nimemwambia na habari ya homa. Alilia, akanitukana kidogo, tukapatana. Nikamuuliza ile rangi ya chumba ni ipi. Bluu. Nimemwambia sawa, nitakuja.

Mwangi amekasirika kweli. Amefanya kazi kutwa bila kunisemesha. Wakati wa kuondoka akaja dirishani kwangu akasema, "Sasa nitaongea na nani, mzee?" Sikuwahi kufikiri kwamba naye anauliza swali hilo.

Ijumaa, 28 Novemba

Chumba kitupu kina mwangwi. Godoro limekwenda, meza imekwenda. Sufuria kubwa ya wali nimempa Mwangi. Alikataa kwanza, kisha akaipakia garini akiwa amenigeuzia mgongo.

Nilipokuwa narudisha funguo nilimpita mzee wa ghorofa ya chini, Mmarekani, yule wa mbwa mdogo. Tumepungiana mikono miaka yote hii. Leo akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia kwa binti yangu. Akasema ananifurahia, atakuwa anazikumbuka harufu za mapishi yangu. Anaitwa Earl. Nimelijua jina lake siku ninayoondoka.

Nimekasirika na mimi mwenyewe, na kidogo na Texas. Wali ule wote.

Ijumaa, 12 Desemba

Theluji tangu alfajiri. Haina sauti. Rukia kaenda kazini, mumewe kalala, ametoka zamu. Amina hana shule leo. Anachora mezani karibu nami. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tunaelewana.

Mwangi ametuma picha ya fulana yake kavu juani. Mshenzi yule. Nimecheka peke yangu.

Chumba cha chini kina joto, dirisha liko juu usawa wa ardhi, naona miguu ya watu wakipita. Wachache. Upweke umekuja nami, sidanganyi. Asubuhi huwa unanitangulia kuamka. Lakini leo nimepima mchele wa watu wanne na watu wanne watakula.

Mchana imeingia sauti kwenye simu. Bi Mariamu wa Houston, niliyemwachia namba siku ile, upepo unavuma nyuma yake.

"Assalaam alaykum, kaka Salim. Niko huku sasa hivi. Nimemsalimia Zainab binti Mwanamkuu. Hajambo."

Nimeisikiliza mara ya pili. Amina akainua kichwa.

"Babu, who's that?"

Nikamwambia ni jirani yetu.