Kipande Chako Kilichovaa Khanga

Kihonda, Morogoro
Jumapili ya Novemba, mvua inanyesha

Baba,

Shikamoo. Nimekaa kibarazani. Milima haionekani, mawingu yameifunika tangu asubuhi. Najua huko Mgeta saa hizi maji yanateremka kwenye mifereji yako na hakuna anayeyaelekeza kama wewe, kwa mguu. Ulikuwa unaziba kwa kisigino na kufungua kwa kidole gumba, jembe limelala begani bila kazi. Sijui kwa nini nimeanza na hilo. Nilitaka kuanza na majibu.

Majibu yametoka, Baba. Si mazuri.

Nitayafikia. Ngoja kwanza nikupe habari za nyumbani.

Shamba lilikwenda kwa watoto wa shangazi Getruda, kama inavyopaswa. Wewe ulikuwa wa ukoo wa mama yako, mimi ni wa ukoo wa mama yangu, kwa hiyo sikutegemea hata tuta moja na sina kinyongo. Wamepanda kabichi juu na njegere chini. Mpichi wako hawajaukata. Mama hajambo, ila presha inapanda na kushuka. Bado anaweka kikombe chako mezani, halafu anakiondoa haraka akidhani sijamwona.

Na kuna jambo la siku ya mazishi ambalo ungelicheka kuliko wote. Jeneza lilipokaribia kaburi, bibi Sesilia, yule mtani wa ukoo wenu, alikaa chini katikati ya njia. "Hazikwi mtu hapa!" alisema. "Marehemu hajatimia! Mnataka kuzika mtu pungufu? Kipande chake kile pale, kimevaa khanga, kinalia!" Akaninyooshea kidole. "Kiingie kwenye sanduku, au kilipe faini!" Watu walicheka, Baba. Padri alijifanya anatafuta ukurasa. Mimi nilicheka huku kamasi zinanitoka, nikavua khanga ya begani nikampa, akajifunga kiunoni, akapisha.

Lakini maneno yake hayakuniacha. Ni kweli. Ulishuka kaburini ukiwa na figo moja, na ya pili ilikuwa imesimama juu, ndani yangu, inafanya kazi.

Wakati miguu yangu ilipoanza kuvimba na mkojo wangu kutoa povu kama la sabuni, wewe ndiye uliyeuliza hospitalini kila kitu, mimi nilikuwa nimechoka. Daktari alituchorea. Alisema ndani ya figo kuna machujio madogo mno, na kila chujio limekumbatiwa na seli zenye vidole. Vidole hivyo ndivyo vinavyozuia mema ya damu yasipite na mkojo. Zangu zilikuwa zimeachia. Ulitazama ule mchoro kwa muda mrefu, ukasema, "Kama kung'uto la nazi lililotoboka. Si tui zima linakwenda na machicha?" Daktari akacheka, akasema ni kinyume chake, lakini umeelewa.

Mama hakuweza kutoa yake kwa sababu ya presha. Mjomba ana sukari. Ukasema upimwe wewe, na mjomba, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye mtoto, akakataa mbele ya watu. "Shemeji, usitufanyie mzaha. Figo ya ukoo mwingine itakaaje kwa mtoto wetu?"

Ukamjibu, "Na pua hii aliyonayo, aliitoa kwenye ukoo wenu?"

Mjomba aliitazama pua yangu, akaitazama yako, akaomba maji ya kunywa.

Majibu ya damu yalipotoka kule Dodoma, daktari alisema kila seli ya mtu imebeba alama zake, na mtoto huchukua nusu kwa mama, nusu kwa baba. Tangu siku hiyo hukutaka kusikia kingine. "Nusu! Umesikia? Nusu!" Ulimwambia muuza karanga stendi. Ulimwambia kondakta. Nilikuonea aibu kidogo, na sasa ningetoa chochote nikuone tena unamsimamisha mtu usiyemjua umwambie nusu.

Waliiweka hapa mbele, chini ya tumbo upande wa kulia, karibu na ngozi. Nikilala chali naigusa. Wauguzi waliniambia kwamba wewe, ukiwa wodi nyingine na kidonda kibichi, kila aliyepita ulimuuliza, "Imekojoa?" Hukuuliza kama mimi ni mzima. Uliuliza kama imekojoa. Wakakwambia ilianza kabla hawajamaliza kunishona, ukalala.

Moyo wako uliposimama pale shambani, watu wengine walinong'ona kuwa ni kwa sababu yangu. Madaktari walisema hapana, ni moyo tu. Nawaamini. Siku nyingine siwaamini.

Haya. Majibu.

Vipimo vya damu vilianza kupanda kidogo kidogo. Mwezi uliopita walinichoma sindano hapa penye figo, wakatoa kipande chembamba kama uzi, wakakitazama kwa hadubini. Daktari, yule dada mpole, alinionyesha picha kwenye kompyuta, waridi na zambarau. Akaniambia kuwa seli zile ni zako bado. Miaka yote hii ndani yangu hazijageuka kuwa zangu. Ukizipima vinasaba, zitasema ni za mwanamume. Nilifurahi, Baba. Nilifurahi kwa dakika moja hivi, nikasahau nimeitiwa nini.

Kisha akasema mwili wangu umetengeneza kingamwili dhidi yako. Nikamwuliza, vipi, na nusu tunafanana? Akasema ndiyo, ile nusu uliyonipa mwili unaijua, hauigusi. Unapigana na nusu nyingine, ile ambayo hukunirithisha. Nusu hiyo ni mgeni kwangu. Mishipa midogo inakuwa minene, seli zile zenye vidole zinaachia tena, na zikishaanguka hazioti nyingine mahali pake. Panabaki kovu.

Niliuliza kama kuna dozi nimekosea. Akasema hakuna. Akasema dawa huusinzisha mwili tu, haziusahaulishi.

Kwa hiyo itachuja kwa muda, hakuna ajuaye muda gani. Wamenibadilishia dawa. Baada ya hapo nitarudi kwenye mashine.

Nilipanda Mgeta kumweleza shangazi. Hilo ndilo nililoliogopa kuliko sindano. Unajua, tangu tukuzike, kila nikifika ananiwekea mkono hapa chini ya tumbo kabla hata sijaketi, anasema, "Shikamoo, kaka." Halafu ndipo ananisalimia mimi. Nilimkuta anamenya njegere. Nikamwambia yote. Alifuta mikono kwenye kitenge, akauweka mkono mahali pake, akainamisha kichwa mpaka nikadhani analia.

"Kaka," akasema, "umechoka?"

Mimi ndiye niliyelia.

Baadaye akaniuliza, ikizimika, wataitoa? Kama wataitoa, yeye aje aichukue aizike kwako, utimie. Nikamweleza alivyosema daktari, kwamba mara nyingi huiacha palepale. Hunyamaza, husinyaa, hukaa.

Akafikiri. "Basi utazikwa nayo."

"Ndiyo, shangazi."

"Huko kwa mama zako."

"Ndiyo."

Akatazama shamba lako lote, kutoka kabichi mpaka njegere, akaanza kucheka, kicheko kile chenu cha puani. "Na mjomba wako anajua kwamba kaka yangu anakwenda kulala kwenye ardhi yao?"

Sijamwambia mjomba bado.

Baba, nilitaka ujue kutoka kwangu mwenyewe. Mwili wangu unakukataa. Mimi sikukatai. Hizi ni habari mbili tofauti, ingawa zinakaa mahali pamoja, na usizichanganye. Nitameza dawa asubuhi na jioni, hata zile zinazonitetemesha mikono. Nitakunywa maji kama nilivyoelekezwa. Ikifika siku ya mashine nitakwenda kwenye mashine, wala sitakulaumu kwa kuchoka. Na siku yangu, nakuomba isiwe karibu, tutashuka wote mahali ambapo uhai wako wote hawakukupa hata tuta moja la kupanda. Wakishangaa watani, utawajibu wewe.

Mvua imepungua. Mama ananiita chai.

Lala, Baba. Na huko uliko, wakikuuliza mbona umekuja pungufu, unitaje jina.

Mwanao,
Anjela