Maji ya Tuta Tupu

Nyumbani, barazani kwangu,
Jumapili, mahindi yakiwa yanachanua.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hujambo wewe? Mgongo umepona, au bado unainama na kuinuka kwenye nyanya za watu kama kuku anywaye maji? Unakula? Usinijibu "nakula, Bibi" kama ulivyozoea. Niambie umekula nini. Kwenye ile picha uliyonitumia shingo yako imekuwa nyembamba kama mpini wa jembe, na mimi sikukulea hivyo.

Mimi sijambo. Magoti yananilalamikia nikisimama, lakini mdomo ni mzima, hilo unalijua. Mwandiko wangu unapanda mlima na kushuka, usinicheke. Shule niliiacha kabla hatujafika kwenye wino.

Siku hizi asubuhi ukungu unalala juu ya shamba mpaka jua linapata aibu. Naketi hapa barazani, sijui lipi hindi, yupi mtu. Juzi nimeamkia mistari miwili mizima ya mahindi nikidhani ni majirani wanapita. Hayakuitikia, nikayasema kwa utovu wa adabu.

Sasa nikugombeze, halafu tutapatana. Ile pampu yako ilifika. Nyekundu, inang'aa kama bibi harusi. Mjomba wako hakungoja hata nivae viatu, akaitumbukiza mferejini na kuiwasha. Ikanguruma, kuku wakatawanyika. Kabla maji ya chai hayajachemka jikoni, mfereji ulikuwa umebaki mawe matupu, na watu wa mashamba ya chini wamesimama na majembe yao wanatazama tope. Najua ulitaka kunipumzisha. Lakini wewe umekulia hapa! Maji yale si yetu, yanapita kwetu tu. Huko ng'ambo umelala usingizi gani hata ukasahau?

Na hilo halikuishia kwenye aibu. Wenye mfereji walikaa wakasema nyumba yenye mashine haina haja tena ya zamu ya maji, basi zamu ya kile kipande alichokuachia babu yako ipewe wengine. Kipande bila zamu ni uwanja wa kuku. Nilikwenda mwenyewe mpaka kwenye banio, pale maji yanapoingilia mfereji, nikawakuta wamekaa. Msimamizi ni yule yule tunayemwita Kidole, anayechovya kidole majini kupima kina kana kwamba anaonja mchuzi.

"Bibi, nyinyi mna mashine," akaniambia. "Zamu mnaitakia nini?"

"Mashine iko bandani. Kuku ameanza kuatamia juu yake. Ukitaka vifaranga vya petroli, karibu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Haya. Atakayeyatangulia maji ni nani? Wewe magoti huna, mjukuu wako yuko mbali. Na kibarua hatumtaki, anajua hilo kila mtu."

Hapo akanipata. Mimi! Maana sheria ya mfereji naijua: mwenye zamu ni yule anayetoa mtu wa nyumbani kwake kusafisha njia na kutangulia mbele ya maji. Mtu wetu alikuwa wewe. Ulikuwa unatembea kinyumenyume, miguu mitupu, unaondoa majani kwa vidole vya miguu, unayaita maji "njoo, njoo" kama unaita ndama, na babu yako nyuma na jembe lake akikuita mke wake mdogo ili kunichokoza. Tangu uondoke nimetangulia mimi. Mwaka jana nilianguka, sikukwambia, na usianze kelele.

Sasa kuna mama mmoja hukumjua. Tunamwita Mama Mapacha. Alikuja na watoto wawili na furushi moja, kutoka upande ambako mvua imewasahau kabisa. Anapalilia mashamba ya watu kwa kutwa. Tangu mavuno yaliyopita analala chumbani kwako, nilimwonea huruma pacha mmoja alipokuwa anakohoa. Alikuwa amesimama nyuma yangu siku ile. Akasema, "Nitatangulia mimi."

Kidole akamgeukia. "Wewe kibarua. Wa nyumba gani?"

"Wa kwangu," nikasema. "Ni mjukuu wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiuliza."

Basi. Limekwisha toka mdomoni, na mimi neno langu silimezi. Zamu imebaki. Lakini mjukuu halipwi kutwa, mjukuu ana sehemu yake. Nimemwambia nusu ya juu ya kipande chako alime yake, avune yake, na akitaka kuwauzia wale wa malori wanaokuja bei ikiwa imelala chali, atanisikia. Kipande ni chako, nakuomba ukubali. Ukikataa nitanuna, lakini nitakusikiliza. Nataka nisikie sauti yako. Usinitumie kitu, nipigie.

Kabla hujakasirika, tazama nyumba za hapa. Walioko mbali wamejenga, bati jipya, madirisha ya vioo, na anayelala ndani ni popo. Mashamba yao majani yamefika kiunoni. Wewe uliacha jembe la babu yako ukaenda kulima kwa wengine. Mama Mapacha kaja kulima kwetu. Njiani mlipishana, hamkuonana.

Siku ya zamu ya kwanza alitembea mbele akiyapa maji mgongo. "Geuka!" nikampigia kelele. "Maji hayaitwi kwa kisogo!" Akageuka. Akajikwaa, akacheka, akaanza kuita kwa sauti ndogo, kama anaona haya. Na maji yakaja, mke mwenzangu. Yakaja polepole yamebeba majani na povu, yakiingia tuta moja baada ya jingine.

Mimi niliketi ukingoni, miguu majini, jua la mchana kichwani, usingizi ukinivuta. Nikaona wanaotangulia ni wawili. Mmoja ana gauni lako la bluu lililochanika pindoni. Sikufikicha macho, nilijua nikiyafikicha mmoja ataondoka. Uliniambia huko maji hayaitwi na mtu, yanatembea kwenye vijimpira, tone, tone, ndani ya nyumba ya plastiki. Basi nikaona mfereji wetu unaendelea. Unavuka shamba la Kidole, unapita chini ya barabara, chini ya vyote vilivyoko kati yetu, unatokea kwenye hiyo nyumba yako ya plastiki, na wewe unainua kichwa kutoka kwenye nyanya. Umesikia mtu anaita.

Nilipozinduka maji yalikuwa yamefika mwisho wa kipande.

Pale mwisho, ile nusu ya chini, kuna tuta moja nimekataza lisipandwe kitu. Mama Mapacha ameuliza kwa nini, nikamwambia ashughulike na maharage yake. Kila zamu nalifungulia maji, yanajaa, yanazama, hakuna kinachoota. Kidole amewaambia watu bibi ameanza kunywesha udongo mtupu, akili imemtoka. Mwache aseme. Udongo ukiachwa ukauke miaka haukubali jembe tena, unalirudisha mkononi mpaka bega linauma. Sijui utarudi lini, na sikuulizi. Nataka tu siku utakayokanyaga pale mguu uzame.

Mjomba wako anakusalimu, bado ananinunia kwa ajili ya mashine. Vifaranga wakishaanguliwa nitamwachia aiuze. Shangazi yako anakusalimu, ameongeza mwili, usimwambie nimesema. Mapacha wanamsalimu "dada wa chumbani", ndivyo wanavyokuita. Nisalimie huyo mwenzako unayelala naye chumba kimoja, mwambie apunguze redio, naye nimemwombea.

Mungu akufunike ukilala na akuamshe mzima. Udongo wa huko uibebe miguu yako vizuri, ila usiizoee sana.

Ni mimi bibi yako, mke mwenzako mkubwa, ninayekupenda hata nikikufokea.