Mkono wa Kushoto wa Sweta la Kabula

Dada yangu,

Nataka uzisikie habari hizi kwangu kabla shangazi hajaenda kukulalamikia kaburini: mkono wa sweta uliomfumia mwanao Kabula sijaufumua, na siufumui.

Unakumbuka tulivyokaa nyuma ya nyumba pale Kalangalala, wewe na sindano zako za dukani, mimi na spoki za baiskeli? Ulinunua nanasi, badala ya kulimenya ukaligeuza-geuza. "Mdogo wangu, tazama macho yake yanavyopanda yakizunguka. Hili ndilo sweta." Ukahesabu mistari inayolalia kulia, ukapata minane. Ukafuma minane. Ulituacha ukiwa umemaliza kiwiliwili na mkono wa kulia tu.

Wa kushoto ukaniachia mimi, na umenitesa kweli! Wewe ulikaza uzi kana kwamba utakimbia. Wangu hulegea hata niubembeleze. Nilifuma mistari minane kama yako, mkono ukatoka mpana kama gunia. Nikafumua. Nikarudia, nikafumua tena, nikalia.

Shangazi akaniona. "Mayu, mama yangu, fumua na huo wa marehemu, ufume yote upya wewe mwenyewe. Mtoto atachekwa."

Nilikuwa karibu kukubali, dada. Lakini kila nikiugusa ule mkono nakukuta humo, na nikiufumua nitabaki na uzi tu.

Jumapili baada ya kanisa nikanunua nanasi. Kabula, ambaye siku hizi haoni kitu bila kukihesabu, akalipakata, akaanza kufuata macho kwa kidole. Akaguna.

"Mama mdogo, mistari ya huku minane, ya huku kumi na mitatu. Limekosewa?"

Nikaweka kisu chini, nikahesabu mwenyewe. Kweli! Inayolalia kushoto ni mingi zaidi, imesimama zaidi, na kila jicho limo katika mstari wa huku na wa huku. Sisi tulihesabu upande mmoja, tukala nanasi letu, tukaridhika.

Nikamwambia halijakosewa. Jioni ileile nikaanza upya, mistari kumi na mitatu inayolalia kushoto, myembamba, iliyobanana, na uzi wangu mlegevu ukatulia. Upana ukawa sawasawa na wa kwako.

Shangazi ameutazama. "Haifanani."

"Ndiyo, shangazi. Haifanani," nikamjibu, nikaendelea kuunganisha bega.

Leo Kabula amelivaa. Ametangulia kuingiza mkono wako, taratibu, kisha wangu, akajikumbatia akacheka. Nimefurahi mpaka nimeona aibu.

Ila amekua, dada. Mkono wako umeanza kumwacha kifundo nje. Akizidi kurefuka nitauongezea chini, kuanzia pale ulipoishia, kwa uzi wangu huuhuu mlegevu. Wako sitaugusa.

Lala salama. Sindano zako ninazo.

Mdogo wako,
mama mdogo wa Kabula