Muhogo Uliokataa Kulainika

Mama Sifa, mke wangu,

Kosa la watu wengi hapa kwetu ni kudhani kwamba maji ndiyo yanayokula uchungu wa muhogo. Wewe hukuwa miongoni mwao. Nilikueleza mara moja tu, tukiwa kijitoni, kwamba kazi hiyo hufanywa na wadudu wadogo wasioonekana. Ukacheka: "Basi, Mwalimu, nitakuwa ninawasalimia kila nikienda." Na kweli ulikuwa ukiwasalimia. Nilikusikia.

Tangu utuache, Sifa amelima shamba lako lote, hata kona ile ya mawe. Muhogo anauloweka palepale pako, chini ya jiwe refu. Lakini juu ya kijito sasa kuna wachimba dhahabu waliotoka upande wa Lusangi. Wanaosha injini za pampu zao kwa dawa fulani. Povu lilishuka mpaka kwetu, kisha likapotea, na watu wakasema yamekwisha.

Nilipanda kwa miguu kuwauliza. Mwenye pampu alinipa kiti, kwa heshima kabisa. "Muzee, usiogope. Hii dawa inaoza yenyewe mu maji. Iko imeandikwa juu ya bidoni." Imeandikwa kweli juu ya dumu lile, niliisoma. Ila kuandika si kupima. Nikamwomba kidogo ndani ya chupa, akanipa, akawaambia wenzake kwa kicheko: "Mwalimu anaenda kupikia!"

Unajua nilivyo. Nikatafuta chupa za glasi, na ile dawa ya bluu ya dispensari tuliyompaka Sifa kinywani alipokuwa na vidonda, akazunguka kwa majirani akiwatolea ulimi. Jambo lenyewe ni rahisi. Wadudu hao wakila, huvuta hewa iliyomo majini. Hewa ikiisha, bluu hufifia, maji yakabaki bila rangi. Ndiyo maana chupa hujazwa mpaka mdomoni na kufungwa sana, hewa nyingine isiingie.

Katika chupa ya kwanza nilitia maji ya juu ya kambi yao, tone la bluu kama katika zote, na sukari kidogo. Bluu ikafifia, wadudu walikuwa wamekula. Katika ya pili, kwa maji yaleyale, nilitia dawa ya wenye pampu mahali pa sukari. Ikabaki bluu. Nikajiambia labda hawajakizoea chakula hiki, tuwape muda. Nikangoja, haikubadilika. Katika ya tatu nilichanganya dawa na sukari. Sukari, Mama Sifa! Nani anakataa sukari? Ikabaki bluu. Basi hawakuwa wamekataa chakula. Dawa ilikuwa imewaua.

Nikachukua chupa ya nne. Nikaenda kuteka maji chini ya jiwe lako, nikatia sukari peke yake. Dawa sikutia hata tone.

Bluu. Hata leo asubuhi, bluu.

Ndipo nikakumbuka neno la Sifa, ambalo nilikuwa nimelipokea kama lalamiko la kawaida: "Papa, muhogo wa safari hii unakataa kulainika. Uko ngumu kama siku niliutia." Hakuna wa kuulainisha. Pale ulipokuwa ukisalimia hakuna wa kuitika. Na muhogo mchungu usiolainika umebaki na sumu yake. Unamkumbuka binti wa jirani yetu, mwaka ule wa kukimbia vita, walipokuwa wakila muhogo wa harakaharaka? Aliamka miguu imekataa. Mpaka leo anatembea kwa fimbo mbili. Na ile dawa yenyewe, ikiingia ndani ya muhogo, inafanya nini? Chupa zangu haziwezi kuniambia. Ninaogopa, mke wangu. Nikiwaona wajukuu wakikimbia uani, ninatazama miguu yao.

Nimemweleza Sifa. Anasema, "Papa, maji inakula uchungu tangu wakati wa bibi. Nikitupa muhogo, watoto watakula bluu yako?" Na kweli, ghala lake ni tupu. Kesho anataka kuutoa, auanike, autwange.

Mimi ananibishia. Wewe hakuwahi kukubishia. Leo anakuja kupalilia kaburi lako, nami nitaisoma barua hii kwa sauti mbele yenu wawili, kama tunavyosema na watu wetu waliotangulia.

Lala salama, mama wa watoto wangu. Ninakuahidi kwamba muhogo mtamu wa nyuma ya nyumba, ule niliokuwa nikiutunza kwa sherehe ya kumaliza matanga yako, utawalisha wajukuu wetu. Wewe utatusamehe sherehe. Na chupa hizi nitazipeleka kwa wenye pampu na kwa chifu, hata kama watanicheka tena.

Sasa ninageuka kwake, na ninasema kwa kinywa changu na chako:

Sifa, mwanangu, ufukie muhogo ule wa kijitoni leo.