Vidonge Ulivyoomba Sitavituma

Te Kaha,
2 Machi 2024

Mpendwa kaka Tipene, nanyi nyote mtakaosomewa barua hii kambini, ndugu zangu wa damu moja,

Nawasalimu kutoka nyumbani. Mu hali gani huko machimboni Australia? Joto limepungua? Sisi tu wazima wa mwili. Mama ameanza kula nasi mezani, ingawa bado hupakua sahani moja ya ziada, na hakuna anayethubutu kuiondoa.

Barua yako nimeipata. Umeomba nikutumie vidonge kutoka katika bati la biskuti lililo kwenye rafu ya jikoni, pale kwenye marae, ukumbi wa ukoo wetu, kwa kuwa kidole gumba cha mguu kimevimba tena na buti haliingii. Kaka, nililia. Una miaka thelathini na mmoja tu. Sitavituma, nami naomba unisikilize hadi mwisho.

Bati lile unalijua. Mwenye jongo, ugonjwa huu wa viungo kuvimba, huacha humo vidonge vyake vya maumivu vilivyobaki, na anayechechemea huchukua. Tuliuita ukarimu. Mdogo wako Rewi alichukua humo kwa miaka saba. Kila ulipotufika msiba, yeye ndiye aliyezamia kome wa kuwalisha wageni, kwani ukumbi wetu kukosa kome ni aibu isiyosahaulika. Mguu ulipowaka moto, alimeza vinne, akaingia majini.

Nasi tulimcheka. Alipoingia jikoni akiburuta mguu, Shangazi Whetu, msimamizi wa masufuria, alikuwa akisema, "Mpisheni mheshimiwa, unono umemshukia miguuni."

"Wivu huo, Shangazi," Rewi alikuwa akimjibu. "Wewe ulivimba kwa raha lini?"

Jiko zima liliangua kicheko, na mimi nikiwemo. Naliandika hili ili nisijifiche.

Zahanati ilimwagiza aache bia, naye hakuwa mnywaji. Ilimwagiza apunguze kula, naye alikuwa mwembamba kama kasia. Walipompima hatimaye, wakampa dawa ya kila siku ya kushusha asidi ya yuriki, ile ya damuni inayoganda viungoni na kuleta jongo, mguu ulizidi kuvimba wiki ya pili. Hakuna aliyemwonya kwamba huwa hivyo mwanzoni. Aliiacha, akarudi kwenye bati.

Nimejifunza chuoni jambo ambalo tulistahili kuambiwa tukiwa watoto: kwa watu wetu, wenyeji wa asili wa nchi hii, asidi hii hupanda tungali vijana, maana figo tulizorithi huitoa kwa shida. Si ulafi, kaka! Ni nani aliyetufundisha kuuonea haya mwili tuliopewa na wazee wetu? Ni nani aliyetuzoeza kucheka pale tulipopaswa kudai kupimwa? Asidi ilizichosha figo za Rewi, na vidonge vyetu vya ukarimu vikazimaliza. Alikuwa na miaka ishirini na minane.

Katika msiba wake hapakuwa na kome. Mzamiaji alikuwa ndani ya jeneza. Wageni walikula viazi vitamu na nyama ya kopo.

Baada ya maziko, Shangazi Whetu alilishusha bati akaliweka mapajani mwangu. "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nikimtia vidonge mkononi," alisema. Tangu siku hiyo hajakanyaga jikoni.

Kwa hiyo nenda kapimwe damu wiki hii. Ukipewa dawa, usiiache mguu ukikasirika. Rudi kwa daktari umuulize. Wakikucheka kambini, wasomee barua hii tena.

Pasaka tutafunua jiwe la kaburi la Rewi. Wewe ndiwe mkubwa wetu, hivyo wewe ndiwe utakayeondoa kitambaa kilichofunika jiwe. Nakutaka umesimama kwa miguu yako miwili. Nesi atakuja kupima watu damu kabla ya ibada, na Shangazi amekubali kurudi jikoni siku hiyo, awe wa kwanza kunyoosha kidole apimwe. Bati litakuwa mezani, limeoshwa, tupu.

Nisalimie wifi Mahina na mwanenu Kauri. Mama anakubusu paji la uso. Mungu azilinde figo zako, kaka, nawe umsaidie.

Ni mimi, mdogo wako ambaye hana kaka mwingine wa kupoteza,
Mereana

Tunakutana Jumamosi ya Pasaka, saa tatu kamili asubuhi: jikoni kwanza, makaburini baadaye.