Moshi Uliotakata

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua, na kwamba mpwa wangu bado anatambaa bustanini na kung'oa kila kinachochipua. Mimi ni mzima wa mwili; moyo ndio haujatulia.

Leo asubuhi nilikupigia simu nikauliza habari za mvua, ukanicheka kwamba Profesa leo hana la kusema. Nilikuwa nalo, lakini nikakata simu. Ndiyo maana namtuma dereva wetu na barua hii ikufikie leo hii hii.

Kazi yangu unaijua: naivisha maranda kwenye tanuri lisiloingiza hewa, yanakuwa makaa ya kurutubisha udongo. Hapa kiwandani moshi ukitakata tunasema limeiva, tunafungua. Nami nikakuhakikishia mbele ya majirani zako kwamba likishaiva hakuna uchafu unaobaki, maana moto hausazi kitu. Mkanipigia makofi, nikavimba kichwa.

Jana mpimaji wa maabara aliniita baada ya kupima makaa yangu. Alinieleza kwamba moshi huondoka na maji na sehemu kubwa ya mti wenyewe, lakini madini mengi hayajui njia ya bomba. Potasiamu na fosforasi hubaki, na mboga huzipenda. Shaba na kromiamu hubaki vilevile; aseniki, ambayo ni sumu, nyingine huruka, nyingine hukaa. Na kwa kuwa mzigo umesinyaa, kilichobaki huwa kikali kuliko kilivyoingia. Akauliza niliivisha nini. Nikasema maranda. Nilimdanganya, dada, huku nikiangalia viatu vyangu.

Ukweli ni huu. Maranda yalikuwa yameisha, nawe ulikuwa unasubiri kupanda, nami sikutaka kuonekana sina uwezo. Nikakata zile nguzo kuukuu za uzio, za kijani, zilizotiwa dawa ya mchwa yenye madini hayo hayo. Nikangoja moshi utakate. Magunia yote ya makaa niliyokuletea yametoka humo.

Usichume tena mchicha ulioupanda kwa makaa hayo, wala usimpe mtoto. Magunia yaliyobaki mpe dereva. Nimesharudi kwa mpimaji kumwambia kweli. Atakuja kupima udongo, nami nitamfuata na koleo, kama utanifungulia mlango. Naona aibu, dada. Hata lile jina unaloniita sithubutu kuliandika hapa chini.

Msalimie shemeji. Mpwa wangu mbusu kwa niaba yangu, lakini mnawishe mikono kwanza.

Ni mimi,
mdogo wako.