Gunia la Kabeji Juu ya Madigadi

Mama Kanana,

Githeri iko jikoni, ipashe tu moto. Ng'ombe nimeshamkamua. Ile pikipiki ya magurudumu manne ya bosi wa Kaberia usiiguse, na pasi ya makaa isikaribie hapo.

Asubuhi niliona nikupunguzie mzigo wa kwenda sokoni Karatina. Nikaweka gunia la kabeji juu ya madigadi, ile inafunika gurudumu la nyuma, vile tulikuwa tunampakia punda. Kumbe ni plastiki. Ikajikunja. Bwana yako Kaberia aliposhusha gunia ikarudi sawa, lakini ikabaki na mistari myeupe.

Nimepaka mafuta ya kupikia, mistari ikapotea. Mafuta ikakauka, mistari ikarudi. Nimemwaga maji moto, ikafifia kidogo tu. Nikaenda kuchukua pasi, Kaberia akasema, "Mama, wacha. Umesaidia ya kutosha." Sasa ameketi nyuma ya zizi, hata chai hataki. Na unajua dereva aliyekuwa kwa bosi kabla yake alifukuzwa kwa sababu ya taa moja.

~~Mwambie Kaberia aseme ni mbuzi aliruka hapo.~~ Hapana. Mbuzi hana makosa.

Nimeenda kwa bosi nimwambie mwenyewe kabla hajaona. Sijui nitaanzia wapi. Mistari kama hiyo niko nayo tumboni tangu nimzae Kaberia, na hakuna mafuta iliyowahi kuitoa.

Mpelekee chai. Usimwambie nimeenda wapi mpaka aimalize.

Nyanya wa Kanana